Omba Karatasi, Usiulize Swali: Namna ya Kupata Rekodi za Kaunti Yako

Kila ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inapotoka, vikundi vya WhatsApp vya wadi huchemka siku mbili tatu. Mmoja anatuma picha ya soko lililokwama kabla ya kuezekwa. Mwingine anauliza pesa zilienda wapi. Wa tatu anasema mikataba ya kandarasi ni siri ya serikali, na wa nne anashikilia kwamba vitu kama hivyo hupewa mawakili na wanahabari tu. Halafu mtu anatuma kibonzo cha diwani mwenye tumbo kubwa, watu wanacheka, mjadala unaisha.

Wa tatu na wa nne wamekosea. Mkataba wa soko lile, bei za saruji na mabati zilizomo ndani yake na vyeti vya malipo ya mkandarasi ni vitu ambavyo muuza mboga au mwendesha bodaboda anaweza kuviomba kwa barua ya ukurasa mmoja, bila wakili na bila kulipa ada ya maombi. Ugumu upo, ila hauko pale wanapoudhania. Uko kwenye namna ya kuomba.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria iliyokuja kuonyesha haki hiyo itafuatwaje ni Sheria ya Upatikanaji wa Habari, Nambari 31 ya 2016, iliyoanza kutumika Septemba 21 mwaka huo. Habari, kwa mujibu wake, ni chochote ambacho ofisi ya umma imekihifadhi: barua, mkataba, ramani, kumbukumbu za mkutano, barua pepe, rekodi ya sauti, hata faili iliyolala kwenye kompyuta ya karani. Ofisi ya umma ni kaunti yenyewe na idara zake, bunge la kaunti, kampuni ya maji ya kaunti, hospitali, zahanati. Mashirika ya binafsi yanayotumia pesa za umma au kutoa huduma za umma nayo yanaguswa. Na kama vile mtu angesema kaunti zimesahauliwa, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 96, inarudia haki hiyohiyo kwa rekodi za kaunti.

Raia ni nani? Mwaka 2013, katika kesi iliyohusu kampuni ya umeme ya KenGen, Mahakama Kuu ilisema kampuni haiwezi kudai haki ya raia chini ya Kifungu cha 35. Sheria ya 2016 ikaliziba pengo hilo: leo raia ni mtu binafsi mwenye uraia wa Kenya, pamoja na chombo chochote cha binafsi kinachodhibitiwa na Wakenya. Chama cha akina mama, kikundi cha vijana kilichosajiliwa, shirika dogo la mtaani, vyote vinaweza kuomba kwa jina lao. Jambo hili lina faida kubwa kuliko linavyoonekana. Wapo watu wanaoogopa jina lao kufika mezani kwa mtu aliyekula pesa, na woga huo si wa kuchekwa. Barua ya kikundi inawakinga kuliko barua ya mtu mmoja.

Sasa tufike penye kiini. Haki hii ni ya kupata habari ambazo ofisi tayari inazo. Haiilazimishi ofisi ikuandikie maelezo mapya, ikupigie hesabu, wala ikujibu "kwa nini". Hapo ndipo barua nyingi hufia. Barua inayosema "Tunataka kujua kwa nini barabara yetu haijatengenezwa na ni nani aliyekula pesa" ni malalamiko. Una haki ya kulalamika, lakini afisa atakujibu kwa aya mbili za shukrani na ahadi, na kisheria atakuwa hajakunyima kitu. Ni kama deni la dukani. Ukimwuliza mwenye duka mbona deni limekuwa kubwa hivi, atakupa hadithi ya bei ya sukari. Ukimwomba afungue daftari kwenye ukurasa wa jina lako, hadithi inakatika.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, ligeuze kila swali ulilonalo liwe karatasi. "Nani alipewa kazi?" ni barua ya kukubaliwa kwa zabuni, pamoja na mkataba. "Pesa zilienda wapi?" ni vyeti vya malipo, yaani karatasi zinazoonyesha kazi kiasi gani imefanyika na mkandarasi alipwe kiasi gani. "Ukuta umepasuka vipi baada ya mvua moja?" ni ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, maana kuna watu walioteuliwa kwenda kutazama ile kazi na kutia saini kwamba imekamilika inavyotakiwa. "Nani aliamua soko lijengwe kule bondeni?" ni kumbukumbu za kikao cha ushirikishaji wa umma na orodha ya waliohudhuria. Orodha hizo zina mambo. Ukiipata ya kwenu, isome jina kwa jina na uwaulize majirani kama kweli walikuwapo siku hiyo, au walitia saini kwa ajili ya nauli na soda tu.

Karatasi inayozidi zote kwa utamu, kwa maoni yangu, ni ile mafundi na makandarasi wanayoiita BQ. Ni orodha ya kila kazi na kila kifaa, kiasi chake na bei yake: mita ngapi za mtaro, mabati mangapi na ya unene gani, milango mingapi na kila mmoja shilingi ngapi. Mkataba wenyewe umejaa lugha ya kisheria na hukuambia kidogo sana. Ukiwa na BQ mkononi na futi ya kupimia, wewe na fundi mmoja wa mtaani mnaweza kukagua mradi mzima kwa asubuhi moja.

Lakini upeleke barua mlango gani? Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, mkanganyiko huu haujaisha, na si wananchi tu wanaokanganyika. Barabara iliyo mbele ya nyumba yako inaweza kuwa ya kaunti, au ya mojawapo ya mashirika matatu ya kitaifa: KeNHA (barabara kuu), KURA (za mijini) au KeRRA (za vijijini). Chekechea ni ya kaunti. Shule ya msingi na ya upili ni za serikali ya kitaifa, na darasa jipya pale huenda limejengwa na NG-CDF, hazina ya eneobunge isiyo ya kaunti hata kidogo. Zahanati na hospitali nyingi ni za kaunti. Kodi ya ardhi na idhini ya kujenga ziko kaunti, ilhali hatimiliki iko Wizara ya Ardhi. Chifu, polisi na cheti cha kuzaliwa ni vya kitaifa. Bango la mradi, kama halijang'olewa, hutaja mwenye kazi, anzia hapo. Ukikosea mlango hujaharibu kila kitu, kwani sheria inamruhusu afisa kulihamisha ombi kwa ofisi yenye rekodi ndani ya siku tano. Ila usitegemee sana ukarimu huo.

Ndani ya kila ofisi ya umma kuna afisa wa upatikanaji wa habari. Kisheria afisa huyo ni mkuu wa ofisi mwenyewe, na anaweza kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Ukiambiwa "huyo afisa bado hajateuliwa", jua kwamba yupo: ni bosi. Kwa kaunti, barua iandikiwe Katibu wa Kaunti, na nakala yake iende kwa afisa mkuu wa idara inayohusika. Kwa bunge la kaunti, iandikiwe karani wa bunge.

Kabla ya kuomba, tafuta kwanza kilichokwisha kuchapishwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka kaunti zipeleke kwenye bunge la kaunti mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1 na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na nyaraka hizi ni za umma. Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za matumizi ya kaunti zote 47, na Mkaguzi Mkuu huchapisha za kwake. Ofisi ya umma inayotia saini mkataba inatakiwa pia kuchapisha kazi ni ipi, bei yake, jina la aliyepewa na muda wa kuikamilisha. Tovuti za kaunti zina ugonjwa wa kubofya kitu na kupelekwa ukurasa mtupu, nakubali. Hata hivyo tafuta, kwa sababu humo utapata jina rasmi la mradi. Mtaani mnauita "soko la Mama Fulani", kwenye bajeti umeandikwa kwa jina jingine kabisa, na afisa asiyetaka kusumbuka atakujibu kwa moyo mweupe kwamba hakuna mradi wa jina hilo. Nukuu jina la kwenye bajeti, mwaka wa fedha na ukurasa, uone atasema nini.

Barua yenyewe haina ufundi. Yaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Sheria imetaja lugha hizo mbili waziwazi. Ofisi ikiwa na fomu yake unaweza kuijaza, lakini ombi halikataliwi kwa sababu tu hukutumia fomu. Mtu asiyejua kuandika, au mwenye ulemavu unaomzuia, ana haki ya kusaidiwa na afisa: anaeleza kwa mdomo, afisa anaandika, kisha anampa nakala. Mfano wa barua ni huu:

Kwa Katibu wa Kaunti,
Serikali ya Kaunti ya ……

KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA UPATIKANAJI WA HABARI YA 2016

Mimi ni raia wa Kenya, nambari ya kitambulisho ……, mkazi wa wadi ya …… Naomba nakala za rekodi zifuatazo kuhusu mradi wa ……, uliomo katika bajeti ya mwaka wa fedha ……, ukurasa wa ……:
(a) mkataba uliotiwa saini kati ya kaunti na mkandarasi, pamoja na BQ;
(b) vyeti vyote vya malipo vilivyotolewa hadi tarehe ya barua hii;
(c) ripoti za kamati ya ukaguzi na upokeaji.

Naomba nizipate kwa barua pepe, au kwa karatasi ikiwa haziko kwenye kompyuta. Ikiwa kuna sehemu inayozuiwa na sheria, naomba sehemu hiyo pekee ifichwe, nipewe iliyobaki, na nielezwe kwa maandishi ni kifungu kipi kimetumika. Natarajia jibu ndani ya siku 21.

Basi. Usieleze sababu. Kifungu cha 4 cha Sheria ya 2016 kinasema haki yako haiathiriwi na sababu unayotoa, wala na kile afisa anachodhani ndicho sababu yako. Ukiulizwa kaunta "Unazitakia nini hizi?", jibu la heshima ni kwamba sheria haikutaki useme. Wengi huvutwa hapo, wakajieleza na kujitetea, na mwishowe mazungumzo yakawa kuhusu wao na siasa zao, wala si kuhusu karatasi. Usiweke pia matusi wala tuhuma ndani ya barua, hata kama una hakika nazo. Na usiombe "nyaraka zote za miradi yote tangu 2013". Ombi pana hivyo linampa afisa sababu halali ya kuchelewa, na ukipewa utaletewa katoni ambayo hutaimaliza kusoma.

Chapisha nakala mbili. Moja unaiacha masijala, nyingine inapigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe unaondoka nayo. Ukisahau kila kitu kingine kwenye makala haya, muhuri huo usiusahau. Bila tarehe hakuna siku za kuhesabu, na bila siku za kuhesabu ofisi inaweza kukaa na barua yako hadi uchaguzi ujao. Karani akikataa kuigonga muhuri, itume kwa barua pepe rasmi ya ofisi hiyo na kwa rejista ya Posta, uhifadhi risiti. Kwa afisa wa habari, kukataa kupokea ombi ni kosa la jinai, na kumkumbusha hilo kwa upole wakati mwingine hutosha.

Kuanzia siku ya muhuri, ofisi ina siku 21. Inaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14, ikiwa rekodi ni nyingi au inahitaji kushauriana na wengine, na ni lazima ikuambie. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, muda ni saa 48. Matokeo ya vipimo vya maji ya bomba wakati kipindupindu kimeingia mtaani, kwa mfano, ningeyaomba kwa muda huo na kuutaja kwenye kichwa cha barua. (Wasomaji wa Uganda pia wana siku 21, chini ya sheria yao ya 2005, Tanzania Bara, chini ya sheria ya 2016, ni siku 30.)

Kuhusu pesa: kuomba ni bure. Ofisi inaweza kudai gharama halisi ya kutoa nakala na kuzituma, hakuna zaidi. Ukitajiwa "ada ya faili" isiyo na risiti, unajua unaombwa nini.

Turudi kwa yule wa tatu kwenye WhatsApp, mzee wa siri za serikali. Hajabuni kitu cha hewani kabisa. Kifungu cha 6 cha sheria hiyohiyo kina orodha ya mambo yanayoweza kuzuiwa: usalama wa taifa, usalama na afya ya mtu, faragha, maslahi ya kibiashara, siri za kitaaluma, mambo ambayo bado yanajadiliwa bila uamuzi wa mwisho, na mengine machache. Lakini afisa hatakiwi kulitaja jina la kapu na kufunga faili. Anapaswa kuonyesha kwamba kutoa habari hiyo kutaleta madhara hayo, na hata hapo anaficha sehemu yenye tatizo na kutoa iliyobaki. Maslahi ya umma yakizidi madhara, habari inaweza kuamriwa itolewe. Mbinu ya siri ya kibiashara ya mkandarasi haishawishi kabisa baada ya kazi kutolewa na bei kujulikana.

Kesi iliyolipima suala la mikataba hadharani ilikuwa ya SGR, ile reli ya kisasa inayoanzia Mombasa. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli hiyo, wakanyimwa, wakaenda kortini Mombasa. Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kwamba kunyimwa huko kulivunja Katiba, akaamuru mikataba itolewe. Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, alitoa baadhi ya mikataba ya mkopo. Baadhi, nasisitiza. Lakini ikiwa reli ya mabilioni ya dola, yenye mkopo wa nchi ya kigeni, haikukingwa na neno "siri", choo cha soko kitakingwa na nini?

Kisingizio kipya siku hizi ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hiki si cha kupuuzwa chote. Orodha ya watoto waliopewa basari ina majina na hali za familia zao, na mtoto wa jirani hastahili umaskini wake ubandikwe ukutani. Njia ni kuomba kilicho cha umma: jumla kwa kila wadi, kiasi kilichotumwa kila shule, idadi ya wanafunzi, vigezo vilivyotumika na kumbukumbu za kamati iliyogawa. Ukilinganisha na idadi ambayo mwalimu mkuu anaijua, utayaona mapengo bila kumtaja mtoto yeyote.

Siku 21 zikipita kimya, usirudi kubembeleza. Sheria inahesabu kimya kuwa umekataliwa. Unapewa siku 30 za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya na Tume ya Haki katika Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Ina makao Nairobi na matawi, likiwemo la Mombasa na la Kisumu, na huduma yake ni bure. Unapeleka vitu viwili: nakala yenye muhuri, na jibu ulilopewa, kama lipo. Tume inaweza kuwaita maafisa, kudai rekodi na kuamuru zitolewe, na amri yake ikisajiliwa Mahakama Kuu hutekelezwa kama ya korti. Asiyeridhika na uamuzi wake ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Wanaoiruka Tume na kukimbilia kortini moja kwa moja wamewahi kurudishwa, kwa hiyo pitia hapo kwanza. Si njia ya haraka. Lakini barua nyepesi ya Tume, hata kabla ya amri yoyote, huwa na kawaida ya kulifanya faili lililopotea lionekane.

Na likikataa kuonekana? Jibu la "hatuna rekodi hiyo" litake kwa maandishi, limetiwa saini. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, kifungu cha 68, inaitaka ofisi itunze rekodi za kila zabuni kwa angalau miaka sita baada ya mkataba kukamilika. Kaunti inayoandika kwamba haina mkataba wa soko la miaka mitatu iliyopita imekiri, kwa mkono wake, kuvunja sheria nyingine. Barua hiyo iambatanishe na malalamiko kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, au na ombi kwa bunge la kaunti, ambalo mwananchi yeyote ana haki ya kulipelekea ombi bila kupitia kwa diwani wake.